Nyota Zilizozama Mapema Geita

Wajukuu zangu, na ninyi marafiki wa wajukuu mnaokuja hapa Kahama kuchaji simu na kunichokoza kwa maswali, mmetaka siku nyingi kujua nilifanya kazi gani nilipokuwa kijana. Nikiwajibu kwamba nilikuwa nachunga mwezi, mnacheka. Juzi mmoja wenu aliuliza kama miaka ile mwezi ulikuwa unaibiwa. Nilicheka pamoja naye. Alipoondoka nilibaki nimekaa pale pale mpaka chai ikapoa, maana swali lile lilinirudisha Ibadakuli, na kila nikirudi Ibadakuli kwa mawazo namkuta Masanja.

Basi leo nitawasimulia, na mtanivumilia nikizunguka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza. Nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwenye uwanda wa Ibadakuli, palikuwa na kibanda cha matofali chenye paa la bati linalosukumwa pembeni. Ndani yake mlikuwa na darubini juu ya nguzo ya saruji, redio ya betri ya kupokea ishara za wakati, na saa iliyokaa ndani ya sanduku la mbao. Watu wa mjini walikiita kibanda cha mganga. Wanawake waliokwenda kuchota maji walikipitia mbali, na mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alikuja kutuomba kwa heshima zote tuache kuufungulia mwezi dari, kwa kuwa mvua ilikuwa imechelewa.

Sisi hatukuwa na uwezo juu ya mvua. Kazi yetu ilihusu kitabu. Wataalamu wa nchi za mbali walikuwa wakichapa kila mwaka kitabu kinene cha majedwali, na humo walitangulia kuandika mahali litakapokuwa jua, na mwezi, na sayari za Utaridi, Zuhura, Mshtarii na Zohali, siku baada ya siku, kabla mwaka haujafika. Nahodha wa meli alikitegemea kitabu hicho, na mpima ardhi pia. Lakini hakikuwa sahihi kabisa, na msumbufu kuliko wote alikuwa mwezi. Ulifika mahali pake ukiwa umechelewa kidogo au umewahi kidogo, na hakuna aliyejua kwa hakika ni kwa nini.

Sasa mwezi ukitembea angani hupita mbele ya nyota na kuzifunika. Ukitazama kwa darubini utaiona nyota pembeni mwa mwezi, upande ule wa giza, inang'aa kama kawaida. Halafu haipo. Haififii taratibu kama jua la magharibi. Inakatika tu, kama taa iliyozimwa. Kazi yetu ilikuwa kusema ilikatika saa ngapi, mpaka sehemu ya sekunde. Wenzetu wa nchi nyingine walifanya vivyo hivyo, na wataalamu wakiyakusanya yote waliona mwezi ulikuwa wapi hasa na majedwali yalikosea kiasi gani. Shinyanga nzima ililima pamba. Sisi tulilima makosa ya kitabu.

Aliyetufundisha alikuwa Bwana Ratilal, Mhindi wa Tabora, mzaliwa wa huko huko, ambaye Kinyamwezi chake kiliwashinda Wanyamwezi wa mjini. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipenda karanga kuliko chakula. Mimi nilitoka shule ya misheni huku kwetu Usumbwa, nikiwa najua hesabu na sijui kitu kingine chochote. Masanja alikuwa Msukuma, mkubwa wangu kwa miaka michache, mwenye mke na mapacha. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita, akasoma kwa taa ya mgodini mpaka akafaulu mtihani wa Bwana Ratilal. Alikuwa na mabega ya mchimbaji na mikono mizito, lakini skrubu ya darubini aliigusa kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

Saa ile ya sanduku ilikuwa na adabu zake, nami nitawaeleza, maana hakuna tena atakayewaeleza. Ilikaa ndani ya pete za shaba ili isilale upande hata ukiinamisha sanduku. Ilitiwa ufunguo kila asubuhi, wakati ule ule, na mtu yule yule, na Bwana Ratilal hakuruhusu uongee ukiwa unaitia. Hukuipandisha kwenye baiskeli hata iweje. Jioni ya kazi hukutazama taa, kwa sababu jicho lililoona taa huchukua muda mrefu kulirudia giza. Ukikaa kwenye darubini, jicho lilikuwa la nyota na sikio lilikuwa la saa. Ilipiga mara mbili kwa kila sekunde, tik, tik, nawe ulihesabu moyoni huku unatazama. Nyota ikikatika, ulijua imekatikia kwenye mpigo gani, au katikati ya mipigo gani, na katikati kwa kiasi gani.

Na kulikuwa na adabu moja iliyozidi zote. Kitabu kilikuwa kinakwambia nyota itazama saa ngapi kwa mahesabu yake. Bwana Ratilal alituambia tuutazame muda huo mchana ili tujue lini tujiandae, kisha tuufunike kwa karatasi.

"Ukiukumbuka," alisema, "sikio lako litaufuata. Wala hutakusudia kudanganya. Utasikia kile unachotaka kusikia. Andika ulichokiona, hata kama ni cha ajabu. Cha ajabu nitashughulika nacho mimi."

Jioni moja ya mawingu, tukiwa tumekaa kibarazani, Masanja alimuuliza swali ambalo mimi niliona aibu kuliuliza.

"Bwana Ratilal, mwezi ukiwahi au ukichelewa sekunde moja, nani anaumia? Mimi sijaona mtu aliyekosa mavuno kwa sababu hiyo."

Bwana Ratilal alitafuna karanga zake kwanza. Kisha akatuambia kwamba siku na saa zetu zote tunazipata kutokana na dunia kuzunguka, na watu wote walikuwa wakiamini dunia inazunguka bila kubadilika. Lakini mwezi ulipokuwa ukionekana kuwahi, na jua nalo likaonekana kuwahi, na Utaridi nao, vyote kwa pamoja na kila kimoja kwa mwendo wake, ilibidi watu wajiulize.

"Wanafunzi wote darasani wakifika mapema siku moja," alisema, "utasema wote wamekimbia, au utaitazama saa ya ukutani?"

"Saa ya ukutani," alisema Masanja.

"Basi saa ya ukutani ni hii." Akaukanyaga udongo kwa kandambili yake. "Dunia inapunguza mwendo, siku nyingine inaongeza. Kwa hiyo sasa wanataka kuuchukua mwezi na sayari ziwe ndiyo saa."

Akatueleza pia habari ya Utaridi. Njia yake kulizunguka jua ilikuwa inageuka zaidi ya ilivyotakiwa na kanuni ya uvutano ya zamani, ikizidi kidogo sana, kiasi ambacho mtu angekipuuza. Watu walikataa kukipuuza. Walitafuta sayari iliyojificha wasiipate. Ndipo akaja mwanafizikia mmoja wa Ulaya na fikra mpya kabisa kuhusu uvutano na wakati, na ile ziada ndogo ikaingia kwenye hesabu zake bila kulazimishwa. Bila majedwali mazuri, alisema, hakuna ambaye angejua kwamba kuna kitu kinahitaji kuelezwa.

Masanja akasema, "Kwa hiyo nikikosea mimi hapa, mtu wa kule anaweza kuanza kutafuta sayari ambayo haipo."

"Umenielewa," alisema Bwana Ratilal.

Nilikuwepo Masanja aliposema maneno hayo, nami nayashika mpaka leo, kwa sababu baadaye yalimgharimu.

Baada ya mafunzo alipelekwa kufungua kituo cha pili Geita, juu ya kilima upande wa pili wa mgodi, akamchukua mkewe Mama Kulwa na watoto. Mimi nilibaki Ibadakuli. Sijui kama mtanielewa nikisema kwamba miezi ile, tukiwa mbali hivyo, tulikuwa karibu sana. Jioni ya kazi nilipoegemea darubini nilijua naye ameegemea ya kwake. Nyota ile ile ilizama kwake na kwangu, kwa kupishana muda ambao Bwana Ratilal aliweza kuuhesabu. Nikiwa peke yangu nilikuwa nasema kwa sauti ndogo, "Hiyo, kaka." Siku moja alikuja Shinyanga nikamwambia kwa kuona haya. Akacheka sana, kisha akasema yeye husema, "Umeiona, Msumbwa?"

Ulipita muda. Bwana Ratilal, ambaye ndiye aliyekuwa anazifanyia hesabu kazi zetu zote, alianza kunyamaza. Nilidhani ni homa. Asubuhi moja aliniita mezani kwake.

"Elias, keti. Nyota zinazama mapema Geita."

Nilimwambia huenda mahali pa kituo palipimwa vibaya. Alikuwa ameshalifikiria hilo. Nikataja saa. Alikuwa ameshailinganisha na redio. Kila mara Masanja aliandika kwamba nyota imekatika kabla ya wakati wake, na tofauti ilikuwa inakua mwezi hadi mwezi. Tena ilikuwa mbaya zaidi kwa nyota hafifu, na mbaya zaidi mwezi ukiwa mkubwa wenye mwanga mwingi.

"Ni jicho," alisema. "Mwanga wa mwezi unaimeza nyota kabla mwezi wenyewe haujaifikia. Anaona imekwenda, wakati bado ipo."

Bwana Ratilal alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Unajua kinachoniuma? Kitabu anacho. Muda wa kila nyota umeandikwa mle. Angefungua tu na kuandika karibu na pale, mimi nisingejua milele. Anajua macho yake yanamsaliti, na bado ananiletea alichokiona."

Alinituma Geita na saa ya pili ya sanduku, kwa kisingizio cha kulinganisha saa. Barua ya kuifunga kazi ya Masanja angeweza kuiandika siku ile, lakini alisema anataka kwanza mtu anayempenda amwone.

Safari yenyewe ilikuwa treni mpaka Mwanza, kivuko mpaka Busisi, kisha lori. Wachimbaji walijaa mle ndani, watu wa Tabora, Singida, Bukoba, mmoja mwenye kofia ya kiua kutoka Kilwa. Mimi nilikaa katikati yao nimelipakata sanduku lenye kufuli za shaba, tukielekea nchi ya dhahabu. Mnaweza kuwazia walivyonitazama.

"Kijana, hicho ulichokibeba kama mtoto mchanga ni nini?" aliuliza yule wa Kilwa.

"Saa."

"Saa gani inayopanda lori na sanduku lake?"

Wakacheka. Mmoja akasema watu hupeleka mali kutoka Geita, huyu mjinga anaipeleka Geita. Ilibidi nimwite yule wa Kilwa aweke sikio. Aliinama, akasikiliza kwa muda, lori likirukaruka kwenye mashimo.

"Wallahi inalia," aliwaambia wenzake. "Ni saa." Na tangu hapo kila tulipofika kwenye shimo kubwa aliweka mkono wake chini ya sanduku pamoja na wangu.

Mama Kulwa ndiye aliyenipokea. Nilimwamkia shikamoo shemeji, akaitikia, akanipokea mzigo mwingine lakini si sanduku, alijua sheria. Masanja alitoka ndani akasimama mlangoni, jua likimpiga usoni.

"Karibu, kaka," nilimwambia, kwa kuchanganyikiwa, kana kwamba mwenyeji ni mimi.

Alisubiri sauti hiyo ndipo akatabasamu. Nikajua kwamba kabla ya hapo alikuwa hajui ni nani aliyesimama mbele yake.

Tulikula. Watoto walilala. Masanja akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Saa yangu haina ubaya," alisema. "Umetumwa kutazama macho."

"Ndiyo, kaka."

"Yalianza kama ukungu. Sasa mwezi nauona na nywele, mwanga unatoka kila upande. Nyota ikiufikia ule mwanga, kwangu imekwisha. Hospitali ya misheni daktari amenimulika, amesema hana dawa, mishipa ya ndani inakufa." Aliongea kama mtu anayeeleza habari za ng'ombe wa jirani. "Mke wangu anajua. Watoto hawajui."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimesema kila mwezi. Nimemwandikia Bwana Ratilal nilichokiona. Nilijua atakisoma."

Mama Kulwa alikuwa amesimama nyuma yetu na vyombo mkononi. Alisema polepole, "Shemeji, mgodini hawamchukui mtu asiyeona. Na nyumba hii ni ya kazi. Wakituondoa, tunakwenda wapi na watoto hawa?"

Masanja akamwambia, "Mama Kulwa, muache apumzike, amepanda lori." Kisha akanigeukia. "Kilimia kinakuja. Unajua?"

Nilijua. Mwezi huo wa Februari, mvua zikiwa zimepumzika, mwezi wa angani ungepita katikati ya Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wa kwetu walikitazamia kujua majira ya jembe. Badala ya nyota moja, nyota nyingi zingezama moja baada ya nyingine jioni moja, na mahali pa nyota za Kilimia panajulikana vizuri sana. Jioni kama hiyo ilikuwa na thamani ya miezi mingi ya kazi. Na wakati ninaondoka Shinyanga mbingu yote ya upande ule ilikuwa imefunga mawingu, Geita tu ndiyo ingeona.

"Nilitaka niione hiyo, kisha niache mwenyewe," alisema. "Sasa umekuja. Utaona wewe. Mimi nitakushikia saa."

Jioni ya Kilimia ilipofika tulipanda kilimani mapema. Ilikuwa saa moja imepita, magharibi bado na wekundu kidogo, na mwezi mchanga kiasi, upande wake wa giza ukielekea kwenye Kilimia. Nilikaa kwenye darubini. Masanja alikaa chini na sanduku kati ya magoti, Mama Kulwa akashika taa iliyofunikwa kitambaa chekundu na penseli ya kuandikia. Shule alisoma miaka michache tu, lakini tarakimu zake zilikuwa safi.

Nyota ya kwanza haikutusumbua. Niliita "Sasa," Masanja akataja mpigo, Mama Kulwa akaandika.

Kisha upepo ukageuka. Kinu cha mgodini, kile kinachoponda mawe ya dhahabu, kilikuwa bondeni na siku zote upepo ulikichukua kwenda mbali nasi. Sasa ulituletea kishindo chake chote, du-du-du-du, bila kupumzika, kikienda kasi yake chenyewe. Tik ya saa ikapotea. Nilijaribu kuhesabu moyoni, kinu kikanivuruga.

"Sisikii kitu, kaka."

"Usisikilize. Tazama tu."

Nilimwona kwa pembe ya jicho akifungua kifuniko cha sanduku, akaondoa kioo, akaweka ncha ya kidole kwenye ukingo wa shaba, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mbao. Akautafuta mpigo. Halafu akaanza kuhesabu kwa sauti, kwa Kisukuma, imo, ibili, idatu, ine, itano, sauti nene, tulivu, juu ya kishindo cha kinu. Mpaka leo sijui aliwezaje kukitenga kile kishindo na kile kimtikisiko cha saa, kidogo kama mshipa wa mtoto. Mimi sikuwa na sikio tena. Nilikuwa jicho peke yake. Nyota ilikuwa inakaribia ukingo usioonekana, nami nilikuwa sina hofu hata kidogo, maana wakati ulikuwa mikononi mwake.

"Sasa."

"Itano na nusu yake," alisema. Mama Kulwa akaandika.

Zilizama hivyo, moja baada ya nyingine. Wingu lilitunyima moja. Nyingine hafifu sana niliitilia shaka, nikasema wazi kwamba naitilia shaka, akamwambia mkewe aandike shaka hiyo. Kati ya nyota na nyota aliniuliza, "Zimebaki zipi?" nami nilimweleza jinsi zilivyokaa, ile kubwa juu, zile pacha pembeni. Aliitikia kwa kichwa kila nilipotaja moja. Ya mwisho ilipozama mwezi ulikuwa umeinamia upande wa magharibi. Masanja aliendelea kuhesabu kidogo, kama mtu anayekimbia asiyeweza kusimama ghafla, kisha akaacha.

"Umeiona, Msumbwa?"

"Nimeiona."

Nilirudi Shinyanga na karatasi zile na maneno ya Masanja kwa Bwana Ratilal, kwamba kazi yake yote tangu ukungu ulipoanza itengwe isitumiwe, naye ametaja mwenyewe ulianza lini. Bwana Ratilal alizihesabu nyota za Kilimia kwa muda mrefu. Alipomaliza aliniambia zilikubaliana kati yao kuliko kitu chochote tulichowahi kumletea, na kwamba mwezi ulikuwa umetangulia jedwali, kwa uhakika sasa, bila kumsingizia mtu wala jicho. Karatasi zilipelekwa ng'ambo kujumlishwa na za wengine. Aliandika pia barua kwa wakubwa wake akisema kituo cha Geita kifungwe na mshika saa wa Geita aletwe Ibadakuli, kwa kuwa kazi yake ni ya sikio na sikio lake halina mfano. Wakubwa walikataa. Aliandika tena. Mara ya pili walikubali, nadhani kwa kuchoka naye.

Hivyo nikapata miaka michache na Masanja, kibanda kimoja, yeye na saa, mimi na darubini. Ndiyo miaka ninayoililia. Macho yake yalikwenda kidogo kidogo mpaka mwanga wenyewe ukaisha. Asubuhi alikuja ameshikwa mkono na Mama Kulwa, akaitia saa ufunguo bila kuongea. Mchana alinisahihisha kwenye hesabu za kichwa. Alitaniana na kila mtu aliyepita njiani kwa kumtambua nyayo.

Kisha kazi ikaisha. Wataalamu walitengeneza saa mpya zinazotumia mtikisiko wa atomi, zisizoujali mwendo wa dunia wala wa mwezi. Walishukuru wote waliochangia. Majedwali mapya yalikuja, mwezi ukiwa umesogezwa mahali pake, nasi tukaambiwa tufunge kibanda. Bwana Ratilal alirudi Tabora, akafariki huko baada ya muda. Mimi nilipata kazi ya kupima mipaka ya mashamba huku Kahama. Masanja na familia yake wakarudi Geita kwa wakwe zake.

Kituoni Shinyanga, siku ya treni, nilishindwa kusema neno la maana. Nilimwambia atunze kifua, kulikuwa na baridi ya Juni. Yeye alinishika mkono, akaushikilia mpaka treni ilipopiga filimbi, Mama Kulwa akimvuta bega. Nilimtembelea mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nasema mwaka kesho, mwaka kesho, kama mtakavyokuwa mnasema ninyi. Habari ya kifo chake ilinifikia msimu wa kununua pamba, wakiwa wameshamzika. Kulwa ndiye aliyekuja kunieleza, mtu mzima, sauti ni ile ile ya baba yake, nikashindwa kumtazama usoni.

Sasa mmeniuliza kama ningependa miaka ile irudi. Taa za mgodi wa Buzwagi zimeuchukua weusi wa anga huku kwetu, na macho yangu nayo yamezeeka. Hata Kilimia kwangu hakionekani vizuri. Lakini ningepewa jioni moja, wala nisingeomba ile ya kilimani. Kulikuwa na jioni nyingine Ibadakuli, mawingu yamefunga toka mchana, hakuna nyota, hakuna kazi. Tungeweza kwenda kulala. Tulikaa kibarazani tukila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, Bwana Ratilal ameegemea ukuta, Mama Kulwa anawasuka watoto nywele, na Masanja anasimulia jinsi alivyomwogopa baba mkwe wake siku ya kupeleka ng'ombe za mahari. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Hakuna kilichopimwa jioni ile wala kilichoandikwa. Mvua ilipoanza tuliinuka tukavuta paa pamoja, tukalifunga.